Je, Wajua? Kikombe cha Mkojo, Chupa ya Damu na Figo ya Mtoto

Tuseme ni jioni Kisanga, kata ya wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi. Mama anamwogesha mwanawe wa miaka mitatu. Mtoto amekula vizuri, amekimbiza kuku mchana kutwa. Mkono wenye povu unapita ubavuni, unakutana na kitu kigumu. Kesho yake wako foleni, na keshokutwa mama ana karatasi yenye namba asizozielewa. Ukurasa huu wa leo ni wa karatasi hiyo: kila kipimo kinajibu swali gani, na swali gani hakiwezi kulijibu hata kidogo.

BESENI LA KUOGEA

1. Je, wajua kwamba kipimo cha kwanza cha saratani ya figo kwa mtoto hakihitaji umeme? Mara nyingi uvimbe hugunduliwa na mzazi au mlezi anapomwogesha au kumvalisha mtoto nguo. Daktari huupapasa baadaye.

2. Saratani ya figo inayowapata watoto si ile ya watu wazima. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye saratani ya figo wana ugonjwa mmoja uitwao uvimbe wa Wilms, au nefroblastoma. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000. Wengi huwa na miaka mitatu au minne, na baada ya miaka kumi ni nadra sana.

3. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mtoto hafichi kitu. Maradhi ndiyo yanayojificha. Uvimbe wa Wilms kwa kawaida hauumi, na mtoto anaweza kucheza na kula kama kawaida huku uvimbe ukizidi ukubwa wa ngumi yake. Kwa hiyo “mbona anacheza?” si jibu la kumrudisha mtu nyumbani.

4. Tumbo kubwa la mtoto lina majina mengi vijijini: minyoo, gesi, utapiamlo, bandama. Bandama huvimba kweli, hasa kwa malaria ya mara kwa mara au selimundu, na hukaa upande wa kushoto, mahali ambapo figo ya kushoto ikivimba huweza kutokeza pia. Hata mganga mzoefu anaweza kuchanganya viwili hivyo kwa mkono. Picha ndiyo huvitenganisha.

5. Je, wajua kwamba kubonyezabonyeza uvimbe huo kunaweza kubadilisha matibabu yote? Uvimbe wa Wilms ni laini ndani ya gamba jembamba. Ukipasuka tumboni, seli humwagika, na ugonjwa ambao ungehesabiwa kuwa hatua ya kwanza au ya pili unahesabiwa kuwa hatua ya tatu. Mtoto huongezewa dawa, na mara nyingi mionzi. Kumkanda tumbo, kumfunga kitambaa cha kubana au kila jirani kuja “kuusikia” ni hatari. Akishagundua mmoja, inatosha.

6. Wazee wa pwani walikuwa na neno jingine la figo: nso. Bado limo kwenye kamusi, ingawa wodini hulisikii tena.

KIKOMBE CHA MKOJO

7. Mkojo mwekundu haumaanishi saratani. Penye mito, mifereji na majaruba, mshukiwa wa kwanza ni kichocho. Kwa upande mwingine, mkojo mweupe nao haumaanishi salama: ni karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano wenye uvimbe wa Wilms anayeonyesha damu kwenye mkojo. Uvimbe hukua ndani ya nyama ya figo, na mara nyingi haujagusa njia ya mkojo.

8. Je, wajua kwamba mkojo wa kupimia kichocho una saa zake? Mayai ya mdudu huyu hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na huelekea kutoka na matone ya mwisho. Ukimkojolesha mtoto saa kumi na mbili alfajiri, ukapeleka kile kikombe, unaweza kuambiwa “hakuna kitu” na kumbe kipo.

9. Chini ya hadubini, yai la kichocho cha kibofu hujulikana kwa mwiba mmoja ulioko nchani. Mtaalamu wa maabara akiuona, ana jibu. Lakini amejibu swali moja tu: mtoto huyu ana kichocho. Mtoto anaweza kuwa na kichocho na uvimbe kwa pamoja. Akimeza prazikwanteli, mkojo ukasafika, na ubavu ukabaki mgumu, kazi haijaisha.

10. Kijiti cha mkojo, kile chenye visanduku vya rangi, kinatambua damu lakini hakisemi damu hiyo imetokaje. Kitageuka rangi kwa seli nyekundu nzima, na kitageuka vilevile kwa damu iliyopasukia mwilini, kama katika malaria kali inayotoa mkojo wa rangi ya kokakola. Ndiyo maana kijiti kikionyesha damu, hadubini hufuata.

11. Kuna uvimbe mwingine wa utotoni unaokaa jirani kabisa na figo: nyuroblastoma. Mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyokaa juu ya figo kama kofia. Tezi hiyo ndiyo hutengeneza adrenalini, hivyo watoto wengi wenye nyuroblastoma hutoa kwenye mkojo mabaki mengi ya homoni za jamii hiyo. Uvimbe wa Wilms hautoi. Kwa hiyo mkojo, ambao hauwezi kuitaja saratani ya figo, unaweza kusaidia kumtaja jirani yake. Kipimo hiki hufanywa kwenye maabara kubwa. Usishangae ukikikosa wilayani.

CHUPA YA DAMU

12. Je, wajua kwamba hakuna kipimo cha damu kinachosema “hii ni saratani ya figo”? Hakipo zahanati, hakipo Muhimbili, hakipo London. Damu hupimwa kwa sababu nyingine: kuwaondoa washukiwa wengine, kujua kama mtoto atahimili dawa na upasuaji, na kuwa na namba za kuanzia ili matibabu yakianza ionekane nini kimebadilika. Mtu akikuuzia kipimo cha damu cha dakika kumi “cha kansa zote”, funga pochi.

13. “Watanimalizia mtoto damu” ni hofu ya wazazi wengi. Tupige hesabu. Mtoto ana damu ya mililita 75 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 12 ana mililita zipatazo 900, karibu na lita moja. Chupa ya kupima picha kamili ya damu huhitaji mililita mbili. Kijiko cha chai kinabeba tano.

14. Rangi ya kifuniko cha chupa si urembo. Zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, na hutumika kuhesabu seli. Nyekundu huachwa igande, kisha maji yake hupimwa figo na ini. Buluu ni ya kupima ugandaji wa damu, na lazima ijazwe hadi kwenye mstari: ikipungua, dawa iliyomo inazidi na majibu yanadanganya. Mtaalamu akisema “chupa ya buluu haikujaa, tuchukue tena”, hakuonei.

15. Picha kamili ya damu humwonyesha daktari wingi wa damu, chembe nyeupe za kinga na chembe sahani. Namba ya kutazamwa kwa jicho kali ni wingi wa damu unaoshuka ghafla. Mtoto mwenye uvimbe uliokuwa kimya, akaanza kulia tumbo na kupauka ndani ya siku moja, huenda uvimbe umevujia damu ndani yake. Hiyo ni dharura.

16. Kuna kinyume chake, ingawa ni nadra: damu kuwa nyingi kupita kiasi. Figo ndiyo hutoa homoni inayouamuru uboho kutengeneza damu, na uvimbe wa Wilms wakati mwingine huitoa bila mpango.

17. Je, wajua kwamba kipimo cha figo kinaweza kutoka kizuri kabisa huku figo moja imemezwa na uvimbe? Kreatinini hupanda pale figo zinaposhindwa kusafisha damu, na figo moja nzima inatosha kwa kazi hiyo. Mwenye figo moja nzima hana dalili za figo kushindwa. Kwa hiyo “figo zinafanya kazi vizuri” ni habari njema kwa mpasuaji, lakini haisemi kama uvimbe upo au haupo.

18. Na bado kuhusu kreatinini: hutokana na misuli, na mtoto wa miaka mitatu hana misuli ya mbeba magunia. Kiwango kinachohesabika kuwa cha kawaida kwa baba yake kinaweza kuwa kikubwa mno kwake. Karatasi ikiwa na viwango vya watu wazima pembeni, mwulize daktari kwa upole: “Hii ni kwa umri wake?”

19. Kipimo kinachosahaulika kuliko vyote hakitumii damu wala mkojo: presha. Watu hudhani ni ya wazee. Takriban robo ya watoto wenye uvimbe wa Wilms wana presha ya juu, kwa sababu figo iliyobanwa humwaga renini, kimeng'enya kinachofanya mishipa ikaze. Utepe wa mkononi lazima uwe wa kitoto. Ule wa mtu mzima ukimzunguka mtoto husoma namba ya chini kuliko ukweli.

20. Madini ya kalsiamu yakipanda kwenye damu ya mtoto mchanga mwenye uvimbe wa figo, daktari hufikiria aina nyingine mbili zisizo Wilms: uvimbe wa rabdoidi, ambao ni mkali sana, na nefroma ya kuzaliwa nayo, ambayo mara nyingi hupona kwa upasuaji peke yake.

21. Wachache miongoni mwa watoto hawa, chini ya mmoja kati ya kumi, hupungukiwa na protini inayosaidia damu kugandia kwenye kidonda, na hali hiyo huletwa na uvimbe wenyewe. Mtoto anaonekana mzima mpaka kisu kipite. Ile chupa ya buluu iliyojaa hadi mstarini ndiyo humwonya mpasuaji mapema. Uvimbe ukitibiwa, tatizo nalo huondoka.

22. Kwa nini mtoto mwenye uvimbe apimwe selimundu? Kwanza, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo, na ganzi ya upasuaji huhitaji tahadhari kwao. Pili, ipo saratani ya figo ya nadra sana, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, inayowapata karibu peke yao vijana wanaobeba kinasaba kimoja cha selimundu. Mbebaji asiingiwe na hofu: wabebaji ni mamilioni na wagonjwa wa aina hii ni wachache mno. Ila kijana mbebaji anayekojoa damu asiambiwe “ni kawaida yenu” kabla ya kupigwa picha.

23. Saratani ya Burkitt, ambayo wengi wanaijua kwa kuvimbisha taya, huweza kukaa kwenye figo pia, mara nyingi zote mbili. Ilielezwa mwaka 1958 na daktari mpasuaji Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Hukua kwa kasi ya ajabu, na seli zake zinazokufa humwaga asidi ya yuriki kwenye damu. Ukiona “yuriki” kwenye karatasi, huyo ndiye anayetafutwa.

24. Kundi la damu hupimwa mapema kwa sababu ya chumba cha upasuaji. Ndugu wakienda kuchangia kabla ya tarehe, mpasuaji halazimiki kuahirisha.

PICHA

25. Je, wajua kwamba kipimo kinachomwelekeza daktari kuliko vyote ni ultrasaundi? Haichomi, haina mionzi, na hujibu maswali manne kwa mkupuo. Uvimbe umetoka kwenye figo au jirani? Ni nyama au ni mfuko wa maji, kama figo iliyojaa mkojo kwa kuziba njia? Figo ya pili ikoje? Na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni uko wazi, au uvimbe umeingia humo kama mzizi ndani ya bomba?

26. Swali la figo ya pili si la kupitisha haraka. Kati ya watoto 100 wenye uvimbe wa Wilms, watano hadi saba huwa nao pande zote mbili. Hao huitwa wa hatua ya tano. Usitishwe na namba: tano hapa haina maana ya “mbaya kuliko nne”. Ni jina la hesabu ya figo, na kila figo hupewa hatua yake.

27. Uvimbe uko tumboni, lakini mtoto hupigwa picha ya kifua. Saratani hii ikisafiri, kituo chake cha kwanza ni mapafu. Kwa nchi yenye kifua kikuu kama yetu, doa la pafuni linahitaji msomaji makini, maana dawa za maradhi hayo mawili hazifanani kabisa.

SINDANO INAYOSUBIRI

28. Kwa saratani nyingi, daktari hunyofoa kipande kidogo kwanza, kikasomwa, ndipo dawa zianze. Kwa uvimbe wa Wilms, utaratibu uliojengwa na madaktari wa Ulaya, unaofuatwa na hospitali nyingi za Afrika, ni tofauti: umri ukikubali na picha zikionyesha sura ya kawaida ya ugonjwa huu, dawa huanza bila kunyofoa. Wiki nne za dawa, kisha figo hutolewa. Uvimbe hunywea, gamba hukazana, na hatari ya kupasuka mezani hupungua. Wamarekani hupasua kwanza, dawa baadaye. Matokeo ya njia zote mbili hukaribiana sana.

29. Ndiyo maana mzazi anaweza kumwona mwanawe ameanzishiwa dripu ya saratani kabla ya mtu yeyote kuiona saratani hiyo kwa hadubini. Si kubahatisha. Umri, damu, mkojo na picha kwa pamoja vimewaondoa washukiwa wengine mmoja mmoja, na aliyebaki ndiye anayetibiwa.

30. Je, wajua dawa mbili za wiki hizo nne zinatoka wapi? Vinkristini hutoka kwenye ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, asili yake Madagaska, linalopandwa kama pambo kwenye viwanja vingi vya Afrika Mashariki. Daktinomaisini hutoka kwa bakteria wa udongoni, waliochunguzwa na Selman Waksman na H. Boyd Woodruff mwaka 1940 kule Marekani. Ua na udongo: usiende kuchemsha lolote kati ya hivyo, maana kati ya ua na sindano kuna kiwanda kizima, na kipimo kikikosewa ni sumu.

31. Kabla ya kila awamu ya dawa, damu hupimwa tena. Chembe nyeupe zikiwa chini mno, sindano inasubiri. Ini likionyesha limechoka, daktinomaisini inasubiri. Mzazi aliyetoka mbali akaambiwa “rudi wiki ijayo” huona amezungushwa. Kumbe siku hiyo maabara imemwokoa mtoto na dawa yake mwenyewe.

KIPANDE KWENYE FORMALINI

32. Jina kamili la ugonjwa hutoka hapa. Figo ikishatolewa hutiwa kwenye formalini, na kanuni ya zamani ni sehemu kumi za dawa kwa moja ya nyama. Ndoo iwe pana. Formalini ikiwa kidogo, katikati ya uvimbe huoza kabla dawa haijafika, na kilichooza hakisomeki. Figo haigandishwi kwenye barafu, wala hailowekwi kwenye maji ya bomba.

33. Mpasuaji hashauriwi kuikata figo “aone ndani” kabla haijafika maabara. Mtaalamu wa patholojia huipaka wino kwa nje kwanza. Baadaye, chini ya hadubini, seli za saratani zikionekana zimegusa wino, maana yake uvimbe umefika ukingoni na huenda mabaki yako tumboni.

34. Tezi ndogo za limfu nazo hutolewa, na mapendekezo ya Ulaya ni angalau saba. Kwa nini saba, hata kama zinaonekana nzima? Kwa sababu jicho haliwezi kuona seli chache zilizojibanza. Tezi zisipopelekwa, mtoto anaweza kupewa hatua ya chini kuliko ya kweli na matibabu yakapungua.

35. Rangi ya buluu inayomsaidia mtaalamu kuziona seli hutokana na mti. Hematoksilini hukamuliwa kwenye mti wa Amerika ya Kati ambao zamani wafumaji walitumia kutilia rangi nguo. Ikichanganywa na eosini ya waridi, viini vya seli hung'aa buluu na nyama inayozunguka hubaki ya waridi.

36. Je, wajua kwamba ndani ya uvimbe wa Wilms unaweza kukutwa msuli, hata gegedu? Uvimbe huu ni figo iliyokwama njiani. Kwa kawaida figo za mtoto humaliza kujengwa tumboni mwa mama, karibu na wiki ya 36. Kwa baadhi ya watoto vipande vichache vya mjenzi hubaki bila kujua kwamba nyumba imekwisha. Vingi hunyauka vyenyewe. Kimoja kikiendelea kujenga ovyo, ndio uvimbe.

37. Hapo pana jambo la kumwambia mama. Hakula kitu kibaya, hakubeba ndoo nzito mno, hakurogwa. Kwa watoto wengi ugonjwa haukurithiwa kwa baba wala kwa mama. Ukoo usikae kikao cha kutafuta mchawi wakati mtoto anasubiri nauli.

38. Neno la kutafuta kwenye majibu ya patholojia ni anaplasia. Ni seli zenye viini vikubwa, mara tatu ya wenzao, vyeusi na vinavyogawanyika vibaya. Hupatikana kwa watoto wasiofikia mmoja kati ya kumi, na ikionekana imesambaa, dawa huongezwa nguvu. Picha ya tumbo haiwezi kuiona. Damu haiwezi. Ni hadubini tu.

39. Wapo watoto wanaostahili kuchunguzwa kabla ya uvimbe kuonekana: waliozaliwa bila ile duara ya rangi kwenye jicho, wenye mkono au mguu wa upande mmoja mkubwa kuliko mwingine, au wenye ulimi mkubwa tangu kuzaliwa. Kwao ultrasaundi kila baada ya miezi mitatu utotoni ndiyo desturi. Uhusiano wa jicho na figo uliandikwa mwaka 1964, na jeni ya WT1 inayoeleza sehemu ya siri hiyo ilipatikana mwaka 1990, kwenye kromosomu ya 11.

WALIOTANGULIA

40. Wilms ni jina la mtu. Max Wilms, mpasuaji Mjerumani, aliandika kitabu chake kuhusu uvimbe huu mwaka 1899. Alifariki mwaka 1918 kwa dondakoo, aliyoambukizwa alipomfanyia upasuaji wa koo mfungwa wa vita wa Kifaransa.

41. Miaka 22 kabla ya kitabu hicho, mwaka 1877, Thomas Jessop wa Leeds, Uingereza, alimtoa mtoto wa miaka miwili figo yenye uvimbe. Hakuwa na eksirei, kwani ilikuwa haijagunduliwa. Leo, penye dawa, upasuaji na maabara kamili, karibu watoto tisa kati ya kumi hupona.

42. Majengo ya zamani ya Ocean Road, Dar es Salaam, yalijengwa enzi za Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Robert Koch, aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alifanya kazi mjini humo akichunguza malaria. Ocean Road imekuwa taasisi ya saratani tangu mwaka 1996, na mtoto anayehitaji mionzi hupelekwa huko. Wodi kubwa ya saratani ya watoto iko Muhimbili, inayoshirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, na matibabu ya watoto hao hayana malipo.

BARABARANI

43. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 300, sehemu ya mwanzo ikikatiza hifadhi ya taifa ambako basi hupunguza mwendo kwa ajili ya tembo. Ngazi za rufaa ni hizi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya Kilosa au ya misheni ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro, kisha Muhimbili. Mtoto mwenye uvimbe tumboni hahitaji kukaa wiki mbili kwenye kila ngazi. Mkojo, wingi wa damu, presha na ultrasaundi vikishapatikana, barua ya rufaa iandikwe.

44. Je, wajua kwamba watoto wengi zaidi wanaweza kupona bila dawa mpya hata moja? Mwaka 2014 hospitali za nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo za Malawi, Uganda, Ethiopia, Ghana na Kamerun, zilianza kuutibu uvimbe wa Wilms kwa mwongozo mmoja, na kuwasaidia wazazi nauli na gharama. Waliokuwa wakiacha matibabu katikati walikuwa 23 kati ya 100. Wakashuka hadi 12. Waliomaliza matibabu bila ugonjwa walikuwa 52 kati ya 100. Wakapanda hadi karibu 69. Dawa zilikuwa zilezile.

45. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 lengo la kufikia mwaka 2030 angalau watoto sita kati ya kumi wenye saratani wawe wanapona duniani. Lilichagua magonjwa sita ya kuanzia. Uvimbe wa Wilms ni mmojawapo, kwa kuwa unatibika hata mahali pasipo na mitambo ya ajabu.

46. Mfuko wa plastiki wenye karatasi zote una thamani kuliko unavyodhani. Namba ya leo ya wingi wa damu haisemi mengi peke yake. Ikiwekwa kando ya ile ya wiki iliyopita ya Kilosa, inasimulia. Beba kila cheti, hata kilichoandikwa “kawaida”. Mvua za Kilosa unazijua, kwa hiyo funga mfuko vizuri.

47. Na la mwisho. Ukipewa majibu dirishani, usiulize tu kama ni mazuri au mabaya. Uliza hivi: “Kipimo hiki kimejibu swali gani, na swali gani limebaki?” Ukiambiwa mkojo hauna kichocho, malaria hakuna, figo zinafanya kazi, shukuru. Kisha weka mkono ubavuni kwa mtoto, polepole, bila kubonyeza. Kama kile kigumu bado kipo, swali limebaki.